Mgongo Uliopona Mara Nne

Mpendwa mshauri, Bi Kahaso,

Naomba msaada wako, na kabla ya yote shikamoo, mimi hapa Mwabungo sijambo, alhamdulillahi, mke wangu Mbeyu hajambo na watoto pia, ila ni huu mgongo. Nilikuwa mkwezi wa minazi mpaka nilipoanguka mwaka ule tuliopata uhuru, na tangu hapo maumivu yamenikaa kiunoni yakateremkia mguu wa kushoto, siwezi kukaa kitako nikamaliza sahani ya wali, kitandani nageuzwa kama chapati, na kazi niliyobaki nayo ni kufagia bustani ya hoteli moja Diani, maana siku hizi hoteli zinaota huko kama uyoga. Shangazi yangu Mishi alinikanda kwa mafuta ya nazi na karafuu, maumivu yakapoa mpaka adhuhuri yakarudi, lakini aliponiuliza, "Vipi, mwanangu?" ningemjibuje mtu mzima aliyechoka vidole kwa ajili yangu, nikasema nimepona, naye akatangaza kisimani. Mzee Chirau, mganga, akasema ni pepo na anataka ngoma, ikapigwa, watu wakala wakashiba, nikaona haya kusema pepo hajaondoka, nikainuka nikacheza. Kule hospitali nilipewa vidonge na mazoezi ya kunyoosha kiuno, na kwa kweli mwezi ule nililala, nikaanza hata kukaa mkekani, lakini niliporudi daktari akaniuliza, "Hujambo, bwana?" nikamjibu, "Sijambo, alhamdulillahi," akafurahi, akanipa mkono, akasema basi hakuna haja ya kurudi, vidonge vikaisha na maumivu yakarudi.

Sasa amekuja mgeni wa hoteli, bingwa wa mishipa ya fahamu huko kwao Ulaya, akaniona ninavyoinama kwa taabu, akaacha kuogelea akanihurumia. Anasema kuna waya mwembamba unaopandikizwa mgongoni, karibu na uti, pamoja na kidude chini ya ngozi, halafu mshipini unavaa kisanduku cha mawe ya betri kama redio ndogo, umeme unaitekenya mishipa na maumivu hayafiki kichwani. Kwanza alinibandika mashine ya kujaribia juu ya ngozi, nikahisi kama siafu wananitembea na maumivu yako palepale, akaniuliza, "Nzuri?" huku jasho linamtoka, mgeni wa watu, na hiyo ndiyo likizo yake, nikamwambia, "Nzuri sana, daktari." Aliruka kwa furaha, Bi Kahaso! Ameshaandika kwao, nauli atalipa yeye, kitanda kinanisubiri, na mwezi ujao twasafiri nikapasuliwe. Mbeyu amenuna, anasema nitakufa kwa kuona haya. Je, nikubali waya, nirudi kwa shangazi, au nifanyeje bila kumvunja mtu moyo? Jibu lolote utakalonipa nitashukuru, hata lisiponifaa.

Rai, Mwabungo

*

Mwanangu Rai,

Marahaba. Nakupa pole ya dhati, maana maumivu ya miaka si mchezo. Sasa pole imekwisha, tusemezane.

Eti hujambo! Unaniandikia nikuokoe na kisu, na mstari wa kwanza unaniambia hujambo. Nimesoma barua za wanaume wanaodanganya wake zao na wanawake wanaodanganya mawifi zao, lakini wewe ndiye wa kwanza kumdanganya kila anayetaka kukuponya. Umeshapona mara nne, mwanangu, na sahani ya wali bado inakushinda.

Mtu akikusabahi barazani, msifu Mola upite zako. Daktari akikuuliza hali, yuko kazini, anapima. Yule wa hospitali hakukufukuza. Wewe ndiye uliyemuaga.

Waya si uchawi wala si upuuzi. Wako watu unaowafaa, na mimi sina elimu ya kuupinga. Lakini yule mgeni alikubandika ile mashine ili ajue kama umeme utakupoza kabla hajakupasua, nawe ukampa jibu la adabu. Sasa atauchana mgongo kwa kufuata adabu zako! Na baadaye je? Waya ukisogea, kidonda kikitunga usaha, yeye yuko kwao kwenye baridi. Utamwendea fundi wa redio wa Ukunda akufungue?

Isome tena barua yako. Tiba uliyoisifu bila kulazimishwa na mtu ni vidonge na mazoezi. Inayofuata ni mikono ya shangazi yako, mpaka adhuhuri. Ngoma ilikupa nini zaidi ya kucheza na kiuno kibovu?

Kesho, kabla hujashika ufagio, nenda kwa huyo bingwa pamoja na Mbeyu. Aanze kusema Mbeyu, wewe unyamaze, maana yeye ndiye anayelala ubavuni mwako na haya zako hana. Mwambieni hukupata nafuu. Akitaka kukujaribu tena, kubali, tena kwa siku kadhaa, ukikaa, ukilala, ukifagia, na umweleze palipopoa na pasipopoa. Ukipoa kweli, ndipo uulize habari ya waya, na swali la kwanza liwe nani atauangalia huku kwetu. Usipopoa, safari ivunjike. Atafadhaika? Na afadhaike. Mtu aliyeacha bahari kwa ajili yako anastahili ukweli.

Kisha rudi hospitali ukadai mazoezi yako, na ukiulizwa hujambo, sema, "Salamu ni njema, daktari, lakini mgongo unaniua." Shangazi Mishi aendelee kukukanda, ila naye ajue kuwa maumivu hurudi adhuhuri. Hatakufa kwa kuambiwa.

Na hilo la kunishukuru hata nisipokufaa, silitaki. Nisipokufaa, niandikie: "Bi Kahaso, umekosea." Nitanuna siku mbili tatu, kisha nitapona kweli.