Gololi Tatu za Gurudumu la Nyuma

Kijiji Kipya, Mkiwa
Jumatatu, 4 Agosti 1975

Kwa kaka yangu Laurian,

Shikamoo kaka. Nakuletea salamu nyingi kuliko punje za uwele ulioliwa na kwelea mwaka huu, na umeliwa kweli. U mzima? Kifua hakikusumbui na baridi ya huko Makambako? Mimi mzima, ila tumbo linauliza maswali kila ikifika saa sita. Mama yupo, anatembea, na hilo la kutembea ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwandiko usiucheke. Darasa la nne niliacha katikati, na mkono huu umezoea spana.

Usishangae nimejuaje uko huko. Idrissa, yule dereva wa lori anayelala hapa njia panda akipita na mzigo, alikuona kambini kwa watu wa reli. Anasema ulimwomba aseme hajakuona. Sasa Idrissa ni mtu wa swala tano, uongo unamkaa kooni kama fupa. Alivumilia siku moja, ya pili akanitapikia mimi. Ndiye anayekupa karatasi hii. Usimgombeze, mpe chai.

Habari za huku ni kwamba tumehama. Mwaka jana ilikuja Operesheni, tukasogezwa wote kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari kama watoto wa shule. Sisi ni mstari wa tatu, nyumba ya saba. Bomba lipo, linatoa maji siku likipenda. Mimi nimefungua banda pale njia panda, nimeandika kwa chokaa FUNDI YEREMIA BAISKELI NA MIAVULI. Redio nazo natengeneza mtu akinibembeleza, ingawa zikitoka kwangu huwa zinaongea Kireno.

Kwetu kule chini ya mawe makubwa ni mahame sasa. Paa lilishushwa, kuta mvua imezilamba, yamebaki mafiga matatu na mti wa mnyaa wa uani. Na hapo ndipo penye shida, kaka. Kila Jumapili mama akitoka kusali anashika fimbo anakwenda kule, maili saba. Anafagia uwanja usio na nyumba, halafu anakaa juu ya figa anatazama njia. Nilimwuliza anatafuta nini. Akasema wewe uliondoka mlango ukiwa pale, na mtu akirudi anarudi pale alipoondokea, sasa akute nani wa kumwambia karibu? Nilipopata habari ya Idrissa nilimwambia u hai, uko kazini. Nikadhani atatulia nyumbani. Wapi! Akasema kumbe sasa ndiyo asikose hata Jumapili moja.

Mwezi wa tano alianguka njiani. Wachungaji walimkuta amekaa chini ya mgunga, midomo imekauka, anawauliza wao kama wamekuona. Bwana dawa wa zahanati akaniambia miguu ile haina tena safari ya maili saba, na moyo wake unaruka kama mnyororo uliolegea, siku moja utatoka. Nikamkataza mama kwenda. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, “Yeremia, lini umekuwa katibu kata?” Jumapili iliyofuata niliamka nikakuta kitanda chake kimeshapoa.

Basi nikaona, mtu asiyekatazika apelekwe. Na baiskeli iliyokuwepo ni ile yako ya mbio.

Nilikuwa sijaigusa tangu Saba Saba ya sabini na mbili, siku ile ya mashindano gurudumu lilipokukamata kwenye kona ya kurudi kutoka Ikungi ukalamba vumbi badala ya kuwa wa kwanza. Ukamng'oa Zefania, mshindani wako, jino mbele ya wageni wa chama, ukisema ndiye aliyeichezea baiskeli yako. Wazee wakakutaka uombe msamaha, ukakataa, ukaondoka. Mama aliihamisha baiskeli mwenyewe siku ya kusogezwa, alikataa isipandishwe kwenye lori la watu. Nilipoishusha kutoka darini, kuku wawili walikuwa wamefanya usukani kuwa kitanda.

Kaka, ilikuwa imechoka! Mnyororo umerefuka mpaka ukiuinua kwa kidole unaachia meno yote. Gia ya mbele meno yamechongoka kama ya paka, nikaifungua nikaigeuza upande wa pili ambao haujaliwa. Krenki ya pedeli inagonga ko, ko, ko, pini yake imekatika nusu. Nikachonga nyingine kwa tupa kutoka kwenye msumari wa reli, siku mbili nzima. Ile frii ya nyuma ilikuwa imelala usingizi wa kifo, ukipiga pedeli inazunguka bure. Kifuniko chake kinafunguka kinyume, unajua, nikagonga kwa msumari polepole, nikaiogesha kwa mafuta ya taa. Vile vijino vya ndani vilikuwa vizima, kispringi ndicho kimeoza. Nikatoa uzi mmoja wa waya wa breki, mwembamba kama unywele, nikaukunja kuwa kispringi kipya. Nikazungusha gurudumu. Ikalia tiki tiki tiki tiki. Nilikaa pale kivulini nikilizungusha tena na tena, spoki zikawa moshi, na mimi nikawa nimekwenda mbali, hata mteja akanigusa bega akauliza kama ninaumwa.

Grisi haikuwepo madukani. Nikaona nisishindwe, nikayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo nikajaza kila mahali. Jamani! Siku ya kujaribu mbwa wa mistari yote mitano walinifuata mpaka barabarani, nami nakimbiza baiskeli nao wananusa ekseli. Magdalena, jirani yetu, akapiga kelele, “Fundi, mbona umeanza kuchunga?” Nikarudi nikaosha kila kitu, nikangoja Idrissa anigawie grisi ya lori lake.

Koni za nyuma zinazobana gololi hazikufaa. Nilizifuata mpaka Shelui kwa fundi Damiani, aliyenifundisha kazi. Akaitazama baiskeli akasema hii hata mbele ya Mungu haitafufuka, halafu akapekua debe lake nusu siku akanipa koni na gololi, nami nikamwachia jogoo. Keria ya kumkalisha mama nyuma alinifulia mhunzi wa hapa.

Nilichokiona ndani ya ile habu, kitovu cha gurudumu la nyuma, nitakwambia. Acha kwanza nimalize ya mama, maana nikianza na lile unaweza kuichana karatasi.

Jumapili ya kwanza tuliondoka baada ya sala. Mama alikaa ubavu, kanga ameifunga kichwani, mkono mmoja kiunoni kwangu, fagio mapajani. Vumbi la kiangazi limechanganyika na jua, mbuga nzima rangi ya asali. Upepo ulikuwa nyuma yetu. Sikuona kama ninakanyaga, nilikuwa kama ninapelekwa. Mawe yetu yalitokea mbele kwa mbali, yakawa yanakuja yenyewe, polepole, kama ng'ombe wanaorudi. Tulifika, akafagia, akakaa. Mimi nililala chini ya mnyaa, na kwa kweli kaka, niliisikia nyumba. Nilisikia mlango wetu ule unaolalamika.

Wakati wa kurudi kuna ule mteremko mrefu unaoujua. Nikaacha pedeli. Frii ikaanza kuimba, na mama akaegemeza kichwa mgongoni kwangu. Nikajua amesinzia. Halafu akasema, taratibu, kama anayeongea na mtu wa chumba cha pili, “Laurian, umekonda.” Kisha, “Laurian baba, nilikukosea nini?” Mteremko ukaisha, frii ikakata sauti, akaamka akaniambia Yeremia, endesha, jua linazama. Nilishukuru kwamba nyuma ya mtu hakuonekani machozi.

Sasa sikiliza, kaka. Mama hakukukosea. Zefania hakukukosea.

Jioni ile ya kuamkia Saba Saba, baiskeli yako nilikuwa nimeshaimaliza, imelala ukutani inang'aa. Akaja Melkizedeki, yule mnunuzi wa ngozi, gurudumu lake halina gololi, anataka alfajiri awe njiani. Mkononi ameshika shati la tetroni, jipya, lina mistari ya bluu. Akasema ukinitoa usiku huu hili lako. Gololi sikuwa nazo. Nikaifungua habu yako, upande wa kulia, zimekaa tisa. Nikachukua tatu. Nikasema moyoni, sita na grisi ya kujazia zitafika Ikungi na kurudi, na nikirudi kutoka sherehe nitazirudisha. Kesho yake nilisimama kando ya barabara nikikushangilia kwa sauti kuliko wote, nimevaa shati lile.

Na lililo baya zaidi ni hili. Wazee waliponiita kama fundi nitazame gurudumu, nilishika nati ya ekseli nikaitikisa, nikasema inaonekana imelegezwa na mtu. Wewe ukamtazama Zefania. Mimi nikatazama viatu vyangu. Ulishikilia neno langu mpaka ukaondoka nalo.

Miaka mitatu nimekuwa ninacheka na watu. Mwezi wa sita nilipoifungua ile habu nilikuta sita zangu zimesagika, koni imechimbika, moja imejikaba pembeni pale pale ilipokuangusha. Hakuna wa kumsingizia ndani ya habu, kaka.

Nilikwenda kwa Zefania kwanza. Alikuwa anachonga mzinga. Nilisimama mbali kidogo kwa sababu ya tezo alilolishika. Nikamweleza yote. Akachonga mapigo mawili matatu, halafu akauliza, “Na hilo shati bado unalo?” Nikasema lilichanika zamani. Akasema ni hasara, angelichukua. Jino hatalidai, ila alitaka nisimame kwenye mkutano wa kijiji niseme kwa mdomo wangu mbele ya wazee wale wale. Nimesema. Sasa watoto wananiita Fundi Sita, na wateja nikifunga habu wanainama kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Acha wahesabu.

Mama nilimwambia jana, kule kule mahame. Aliendelea kufagia mpaka mwisho wa uwanja. Nikadhani hakusikia. Kisha akaja akasimama mbele yangu na fagio, nikajua linakuja, halikuja. Akasema niandike. Niandike yote, na la shati, nisiweke sukari. Ukija, akasema, usihangaike kuulizia mstari wa tatu nyumba ya saba. Uje Jumapili, yeye atakuwa pale.

Kwa hiyo nakuomba uje, kaka. Mimi sina tena cha kumjibu anapokuita mgongoni kwangu. Nikimwambia asiende, atakwenda kwa miguu, na wewe ndiwe utakayeletewa habari nyingine na Idrissa.

Zefania anakusalimu, anasema kwa pengo lile amejifunza kupiga mluzi. Magdalena anakusalimu, na fundi Damiani, na wazee. Mama hana salamu ya kwenye karatasi, anasema atakupa mwenyewe.

Idrissa akigeuza huko hufika Mkiwa Jumamosi jioni. Kila Jumamosi nitakuwa njia panda na baiskeli yako. Ukishuka ukataka kunipiga, piga, meno ninayo yote. Ila tumalizane jioni hiyo hiyo, maana asubuhi tunaondoka mapema, na keria ni moja, ya mama, mmoja wetu atatembea. Nitatembea mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Yeremia