Sulemani wa Mzee Mbonile

Itaka, Mbozi
9 Julai 1951

Kwako dada Sekela, Isongole,

Pokea salamu tele, wewe, shemeji Amoni na watoto. Homa ya mdogo imekwisha? Sisi huku tu wazima wa mwili, ila moyo wangu unatokota. Na usicheke hati yangu: niliacha shule darasa la tatu, lakini kwa barua bado namshinda shemeji na la nne lake.

Dada, nina hasira na Mzee Mbonile, yule mzee wa kanisa mwenye shingo ya kuku aliyenyonyolewa. Amemtenga baba na ushirika, kisa pombe ya ulezi, na tarumbeta aliyoipuliza miaka kumi na minane akamnyang'anya. Tangu hapo baba hali akashiba.

Jumapili ya mavuno tuliigiza Sulemani akitawazwa. Sulemani nani? Enoka, mtoto wa huyo huyo Mbonile! Yuko juu ya punda na kilemba cha shuka, amekumbatia shingo asianguke. Mimi, ambaye sauti yangu Itaka nzima inaijua, nikatupwa kwenye kundi la kupiga kelele kwamba mfalme na aishi. Maandiko yanasema watu walishangilia hata nchi ikapasuka. Yetu haikupasuka hata tundu la panya. Tarumbeta alipewa Isaka, mpwa wa Mbonile, ikalia kama ndama anayetafuta mama. Watu wakacheka, Mbonile akatufokea tushangilie kwa imani!

Ndipo nikamwona baba nje ya ua, maana Mbonile alikataza waliotengwa wasiingie. Alikuwa ameweka ngumi mdomoni, anapuliza wimbo wote bila sauti, vidole vya mkono wa pili vikibonyeza hewa. Nikanyamaza. Mfalme wao aishi mwenyewe.

Sasa hapa soma peke yako, shemeji asisikie. Aliyemsema baba ni mimi. Mbonile aliniahidi nikimtajia wanaokunywa, Sulemani nitakuwa mimi. Nikamtaja baba, nikidhani atakaripiwa tu, basi. Nilipodai punda wangu, akanijibu kwamba mtoto wa mlevi hawezi kuwa Sulemani.

Jana baba alinituma nimtafute aliyemsema, eti kwa kuwa mimi ndiye mjanja wake. Njoo Jumamosi, dada. Nitamwambia mwenyewe, lakini wewe ukae katikati yetu.

Wabusu watoto. Mungu awalinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Asajile Osea