Albamu ya Mpiga Kinanda Wetu

Natalie, acha kila kitu usome hii. Josiane leo amekoma!

Lennart, yule mzee mpole anayetupigia kinanda kwenye kwaya ya kanisani, alimwambia bendi yake ya ujana imetoa albamu, aje kwenye uzinduzi kule mtaa wa Vällingby. Josiane akadhani ni nyimbo za kuabudu. Akavaa kitenge kipya. Akamleta na pasta!! Wakaketi mbele kabisa.

Lennart akatokea na koti la ngozi lililochanika. Eti walianza enzi za punk, ule muziki wa makelele na hasira, kwenye chumba cha chini cha kufulia nguo, na hadi leo hawajajifunza chord ya nne ya gitaa, wanajua tatu tu!

Gitaa likanguruma kama msumeno wa kukata miti. Na LENNART, Natalie, Lennart wetu, akabweka: "Naichukia Jumapili!"

NAICHUKIA JUMAPILI. Mbele ya pasta.

Josiane akafumba macho. "Mon Dieu, Mungu wangu, kwaya nimeiaga." Alipofumbua, kiti cha pasta kitupu. Akajua ameondoka kwa hasira.

Wapi! Pasta yuko mbele ya spika, tai imefungwa kichwani, anaruka na wazee wenye vipara, anaimba kiitikio chote: "Naichukia Jumapili!"

Akarudi anatweta, jasho tele. "Mama Josiane, miaka yote hii nilidhani ni mimi peke yangu."