Tuzo Imefika, Nesi Hayupo

Mwanangu Kabula, binti wa kaka yangu,

Wamekupa tuzo. Nimeipokea mimi, maana baba yako alisema miguu yake haitampeleka Shinyanga mjini kupigiwa makofi wakati udongo wa kaburi lako pale Tinde haujatulia. Ni kioo kizito kilichoandikwa Muuguzi Chipukizi Bora wa Afya ya Jamii. Jina lako wamelipatia. Nawapa hongera kwa hilo, kwa kuwa mengine yote walikukosea.

Naikumbuka asubuhi niliyokutembelea Nyarugusu, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Nilitarajia kumkuta nesi mezani. Nikakukuta umevaa buti, umebeba boksi la vikopo vya makohozi, unamhimiza dereva wa pikipiki. Wagonjwa wako wa kifua kikuu walikuwa wametoweka na dozi haijaisha. Ukanieleza kwamba mchimbaji hakai. Akisikia dhahabu imetema, yaani imeonekana kwa wingi, mahali papya, anakunja turubai lake na kuondoka, na kikohozi chake kifuani.

"Ndiyo maana siwasubiri, shangazi. Wakihama, nahama."

Tulipofika njia panda, pikipiki nyingine ikatukaribia. Alikuwa Masanja, dalali wa dhahabu, miwani myeusi na cheni shingoni. Huyo alikuwa amegundua kwamba wewe, kwa kuwafuata wagonjwa, unafika kwenye machimbo mapya kabla ya madalali wote. Basi akawa anakufuata wewe.

"Mwangaluka, nesi! Leo imetema wapi?"

"Mwangaluka, Masanja. Kohoa kwenye hiki kikopo kwanza, ndiyo nikuambie."

"Mimi? Mimi sishuki duarani kuchimba, nanunua tu!"

"Hewa ya kambini nayo unainunua? Kohoa."

"Kohoa, bwana harusi," dereva wake akamchochea, "mahari yenyewe ndiyo hiyo!"

Akakohoa huku anacheka. Majibu yalipotoka hakucheka tena. Akawa mgonjwa wako, na kila ulipomkuta ulimsimamia mpaka ameze. Nilicheka siku ile, Kabula, kisha nikaona haya kwa miaka niliyoandika makala za afya bila kukanyaga vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe.

Sasa niseme yale ambayo mshereheshaji aliniomba nisiyaseme. "Shukrani fupi tu, mama, tafadhali," alininong'oneza. Wakubwa walikuwa wameshasema kwamba ulikuwa na wito, kwamba ulijitoa. Hukujitoa, mwanangu. Ulitolewa. Uliomba barakoa za kuwakinga wahudumu, ukaambiwa usubiri. Ukasubiri ukiwa umejifunga kitambaa alichokushonea mama yako. Kifua kikuu sugu hakikusubiri. Wito ni neno zuri sana, na nimeona linapendwa zaidi pale ambapo vifaa havipo. Anayempeleka askari vitani bila ngao, kisha akaja msibani na shada kubwa kuliko la ndugu, huyo mimi simpi kiti.

Ulipolazwa tulizungumza dirishani, sauti yako imebaki upepo. Hukuuliza habari za nyumbani. Uliuliza, "Shangazi, nani anawafuata?" Nikakujibu kwamba wataleta mtu. Niliamini hivyo.

Kwa hiyo pale jukwaani niliuliza swali lako hilohilo. Nani anawafuata? Nani ameingia kwenye nafasi yake Nyarugusu? Mgeni rasmi akaitazama chupa yake ya maji. Muziki ukawekwa.

Nikakipeleka kioo Nyarugusu. Chumba chako kimefungwa kufuli. Kwenye benchi la nje alikaa mtu ambaye nisingemtambua kama asingenisalimia. Cheni hakuna, miwani hakuna, shati linaning'inia mabegani kama la kuazima.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye nesi mpya?"

"Marahaba, Masanja. Hapana. Dozi ulimaliza?"

"Alipolazwa niliacha. Nilijiona nimepona. Sasa kimerudi." Akaonyesha lori lililokuwa linapakia wachimbaji. "Nimesubiri, mama, lakini tunaondoka. Imetema huko Ushirombo." Akataka kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Zamani nilimfuata yeye."

Nikampigia simu mhusika wa kifua kikuu wilayani. Nikamweleza kuna mgonjwa anaondoka sasa hivi.

"Leo Jumamosi, mama. Piga Jumatatu. Kwani wewe ni nani huko?"

Lori likawashwa. Nilikumbuka kauli yako, nikapanda, nikakaa upande unakotoka upepo, nikiwa na barakoa niliyoinunua duka la dawa.

Nakuandikia kutoka Ushirombo, kwenye kibanda cha chai kando ya mashimo mapya. Masanja amelala chini ya turubai, anakohoa, na vijana wawili wamelala naye humo humo. Nimewaambia watoke, wakaniuliza walale wapi. Dawa sina, vikopo sina. Ninachojua ni mahali alipo, na Jumatatu nitapiga kelele mpaka mtu aje kumwona. Kama hatakuja mtu, nitapiga Jumanne. Huenda Masanja asiisubiri.

Kioo chako nimekiacha pale kwenye benchi, mbele ya mlango wenye kufuli. Ukiacha wagonjwa na mimi, atakayekuja kukiiba atakuwa mtu wa kwanza kufika hapo tangu uondoke.

Lala, Kabula. Umetembea vya kutosha. Yule bwana wa simu nilimjibu mimi ni nani, nawe uliyeuliza nani anawafuata, nakujibu hivyohivyo:

Shangazi yake nesi.