Bata Wangu Wazima wa Afya

Nhàn, nimeaibika leo, sina pa kuuweka uso.

Kuku wa jirani yangu Thoa walipoanza kufa, si mimi niliyesimama mlangoni kwake nikapaza sauti mbele ya watu? "Banda lako linanuka, ndiyo maana! Mbona bata wangu wanadunda?"

Leo daktari wa mifugo kaleta majibu. Mafua ya ndege. Yametoka kwa bata wangu, wale niliowaachia waokote mpunga uliobaki shambani kwa Thoa. Bata wangu!

Nikamwambia, "Mwanangu, hawa hata chafya hawapigi." Akasema, "Bibi, mwili wa bata hugundua kirusi mapema na kupambana nacho. Kuku hana kinga hiyo. Bata anaweza kukieneza huku akiogelea zake."

Thoa alikuwa papo hapo, akanitazama. "Haya dada, banda la nani linanuka?"

 

Nhàn, wale bata wawili niliokuletea jana kwa karamu ya kumkumbuka marehemu mumeo, umewachanganya na kuku wako? Usiwachinje, usiwaguse. Daktari anakuja kwako, nimemwelekeza mwenyewe.

Pokea simu, shoga, hata kama ni kunitukana.