Kiti cha Taniboi

Wekesa, ndugu yangu,

Tajiri wetu amenipa gari lako niliendeshe, maana usukani ulinifundisha wewe. Nimeona heri nikuambie mwenyewe. Wamelinyoosha bodi, wakalipaka rangi upya, na kesho nitalipakia vifaranga pale stesheni nipande nao mlima wa Kuresoi. Peke yangu, kama wewe.

Mke wako Nekesa amerudi kwenu Bungoma na watoto. Chumba cha Bondeni, hapa Nakuru, kilikuwa cha kazi, na mwenye kazi ni wewe, kwa hivyo mazishi yako yalipoisha tu waliambiwa watoke. Nilimbebea kitanda mpaka kwenye treni. Hakulia. Aliniuliza tu mbona siku ile ya ajali sikuwa na wewe. Jibu analo tajiri.

Unakumbuka lori letu la viazi? Wewe kwenye usukani, mimi taniboi wako huko nyuma juu ya magunia, gogo mkononi. Gari likikuzimikia mlimani unapiga kelele, "Tia!" nami naruka kwenye matope, natia gogo nyuma ya gurudumu, halafu unanitukana ati nimenona kama mke wa chifu, na tunacheka mpaka juu. Tulikuwa tunafika siku yoyote ile. Viazi havikuwa na haraka na mtu.

Halafu wazungu wa mashamba wakaanza kuagiza vifaranga wa siku moja, na dawa za ng'ombe ndani ya barafu, vitu vya kushuka kwenye treni asubuhi na kufika shambani kabla havijaharibika. Tajiri akauza lori moja, akanunua magari mawili madogo yanayokimbia. Wewe ulifurahi kushinda sisi wote. Si wewe ndiye uliyemwonyesha fundi mahali pa kutoboa matundu ya hewa, na rafu zikae vipi masanduku yasilaliane? Ukanitania nibaki na viazi vyangu, wewe sasa unabeba roho. Lakini siku tajiri alipong'oa kiti cha taniboi ili masanduku mengine yaingie, uliacha utani. Nilikuona. Taniboi ni uzito bure, tajiri alisema, gari dogo halina haja ya mtu wa kulishikilia.

Mlima ule ukinyeshewa, kila gari lina haja ya mtu. Siku ile ya mvua lilikuzimikia katikati, ukavuta breki ya mkono, ukashuka kutafuta jiwe. Mtu mmoja hawezi kukanyaga breki na kutia gogo, hata awe dereva wa namna gani. Ulikuwa umeinama nyuma ya gurudumu gari lilipoteleza likakupanda. Sisi tuliokuja na lori kukutoa tulisikia vifaranga kwanza, wanalia kwenye masanduku yao, wazima kabisa. Baadaye tajiri akafika. Sitaki kukuficha, Wekesa. Alipita karibu na miguu yako, akafungua mlango wa gari, akauliza, "Wangapi wamepona?"

Nilitaka kumpiga. Wenzetu walinishika. Nilitamani niache kazi palepale, lakini nina watoto, na chumba changu pia ni cha kazi. Wiki hii nilimwendea kwa heshima, kofia mkononi, nikamwomba arudishe kile kiti. Akaniambia kama naogopa, langoni kumejaa madereva wanaotafuta kazi. Basi nikachukua ufunguo. Nina hasira, ndugu yangu. Na nakukosa. Hakuna mtu wa kunitukana siku hizi.

Haya, kwaheri. Udongo wa Nakuru usikulemee. Ahadi yangu ni moja. Mvua ikinyesha, nitasimamisha gari pale chini kabla ya mlima, nizime injini, nikae mpaka barabara ikauke. Vifaranga watalia. Kisha baridi itawashika, na mmoja mmoja watanyamaza. Najua nitakachofanyiwa nikifika na masanduku yasiyo na sauti, na chumba najua kitaenda. Basi na kiende. Tutafukuzwa nikiwa mzima, na wanangu watatoka na baba yao.

Nitachelewa, Wekesa. Nakuapia nitachelewa.