Kasuku wa Mti wa Bundi

Kiboko

Ndugu yangu Mutiso,

Pokea salamu za huku Kiboko. Natumaini kifua cha mama kimetulia na mbaazi zimeshika. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mbovu, na sababu unaijua.

Ulipokuja kunitembelea nilikupeleka nyuma ya nyumba ya Mama Ndinda, mjane aliyenipa chumba, nikakuonyesha ule mgunga mkavu. Tundu la juu bundi, la chini kasuku na makinda wao. Ulicheka ukasema huku kwetu hata ndege hawana akili. Nikakueleza kwamba Mama Ndinda alitaka mti ukatwe tangu mumewe afariki, maana bundi akilia watu wanangoja kifo. Ni mimi niliyemsihi asubiri makinda waruke. Alikubali shingo upande, halafu akawapenda. Kila asubuhi alibeba kiti chake na chai akaenda kuwatazama. Nami nikaongeza, kwa mdomo wangu huu, kwamba makinda wako salama kwa sababu hakuna anayethubutu kupanda mti wa bundi.

Nilidhani nakuonyesha maajabu, kumbe nakuonyesha njia.

Uliondoka alfajiri ukisema unawahi basi. Kulipokucha tukakuta matundu yote matupu, na chini ya mti kijinga cha moto kilichomfukuza bundi. Nilikutetea, Mutiso. Nilimwapia Mama Ndinda kwamba ndugu yangu hawezi. Hadi juzi, jirani yetu wa Kwa Vonza alipopita hapa akaniambia mbele ya Mama Ndinda, "Mama yako anasema asante sana kwa wale ndege ulimtumia na Mutiso."

Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze. Mama Ndinda hakupaza sauti.

"Huyo bundi alikaa nao siku zote hizo na hakuwagusa," alisema. "Ndugu yako alilala hapa usiku mmoja tu."

Kisha akaniambia mti sasa ukatwe. Nitaukata mwenyewe Jumamosi, ingawa kasuku wakubwa bado wanakuja kupiga kelele pale tunduni. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikipikia ugali.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa Kikima akija. Watoto wasiwape hao ndege chakula chenye chumvi.

Mama usimwambie lolote. Anaamini mwanawe alimkumbuka. Mwambie nimepokea shukrani zake.

Ni mimi, uliyezaliwa naye tumbo moja,
Kioko